Ofisi za kontena zinakuja na nyaya, haziji na umeme: soma huu uzi kabla hujamwita fundi

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu.

Nimepitia nyuzi nyingi watu wanaulizana kuhusu ofisi za kontena na hizi prefabu za kuunganisha, madirisha yakae wapi, sakafu ipi nzuri, joto linapunguzwaje, ila mada ikifika kwenye umeme mtu anajibu "ah si zinatoka kiwandani zimeshafungwa waya" na hapo mjadala unakufa. Na mimi ndo nilipopigwa hapo hapo kwahiyo leo nimeamua kukaa chini niandike, ni ndefu, asiye na muda apite tu.

Kilichotokea ni hivi. Tulikuwa na kabini sita, zimepangwa mstari mmoja, umeme tunautoa kwenye jengo la zamani lililoko mita 80 hivi. Fundi akavuta kebo ya 16mm ya njia moja (yani fezi moja), akaichomeka kabini ya kwanza, ya kwanza akaipelekea ya pili, ya pili ikapeleka ya tatu mpaka ya sita, kama mnyororo. Tukawasha, taa zikawaka, tukapeana mikono, fundi akaenda zake. Asubuhi kila kitu safi. Ikifika saa nane mchana jua limekolea kila mtu kawasha AC, ya kabini ya sita inaguna sekunde kadhaa, kimya, inaguna tena, kimya. Fundi wa AC akaja akabadilisha kapasita. Wiki iliyofuata akabadilisha nyingine. Mara ya tatu nikamwambia hebu weka mita kwenye soketi kwanza. Ikasoma 205, na kompresa ikijaribu kuamka inashuka mpaka 190 na kitu. Kule jengo la zamani tunapotolea umeme ilikuwa inasoma 228. AC haikuwa na tatizo lolote, ilikuwa na njaa.

Halafu baadae tukaanza kusikia harufu, ile ya plastiki inayoungua taratibu. Tukaenda kuchomoa ile plagi ya buluu ukutani kwa kabini ya kwanza, pini ya nyutro imebadilika rangi imekuwa kahawia na plastiki imeilamba. Plagi yenyewe ni ya ampia 32. Breka iliyokuwa inailinda kule mwanzo ni ya 63. Yani plagi ya kabini MOJA ilikuwa inabeba ofisi sita, na breka kwa upande wake haioni shida kabisa maana ampia 59 kwake ni za kawaida.

Ndo nikaelewa kiwanda kinakupa nyaya za ndani ya boksi tu, na kinazipima kwa boksi hilo likiwa peke yake. Umeme wa kulifikisha boksi, na hesabu ya maboksi yakiwa mengi, ni kazi yako wewe. Hakuna aliyekufanyia.

Naendelea chini.

Mleta mada

Cha kwanza kabisa ni KIBATI. Kila kabini ya maana ina kibati cha kiwanda, mara nyingi karibu na DB (boksi la breka) au karibu na pale plagi inapoingia. Kinakwambia volti, ampia, fezi moja au tatu, hezi 50 au 60. Kipige picha kabla kontena halijashushwa kwenye lori, maana likishapangwa na jirani yake upande huo hautauona tena.

Cha pili ni hesabu ya mzigo. Watu wanakosea hapa kwa sababu wanafikiria kwa kichwa cha nyumbani. Nyumbani mzigo unapishana, huyu anapiga pasi asubuhi, yule anapika jioni. Ofisini mzigo unakuja wote kwa wakati mmoja, mchana, joto, kompyuta zote, AC zote, na mtu anataka chai. Hata Marekani kwenye kanuni zao za umeme, NEC, ibara ya 550 inayohusu nyumba za kiwandani, wameliona hilo, ofisi ya mkandarasi saiti haibanwi na idadi ya sakiti wanayoidai kwa nyumba ya kuishi, ila mengine yote ya usalama yanabaki pale pale. Kwahiyo usichukue hesabu ya nyumba ukaipachika kwenye ofisi.

Yangu ilikuwa hivi, kabini nne za kazi, moja ya mikutano, moja ya chai na mashine ya kopi:

AC nne ndogo za BTU 12,000 zinakula kama kilowati 1.2 kila moja, ya mikutano ni ya 18,000 inakula 1.7, jumla 6.5. Taa na kompyuta na skrini zote kama 2.15. Kabini ya chai ina birika 2.2, maikrowevu 1.4, kipoza maji na friji, jumla kama 4.35. Kopi ikipasha moto 1.5. Taa za nje, kamera na ruta nusu kilowati. Ukijumlisha yote unapata 15.

Sasa sio vyote vinawaka kwa mpigo, hapo ndo unapunguza, ila punguza kwa akili. AC usipunguze hata kidogo, siku ya joto zote zitawaka na ndo siku hiyo hiyo utakayolaumiwa. Kompyuta na taa weka asilimia 80. Jikoni chukua birika zima na kipande cha vingine, nikaweka 2.8. Kopi inapasha mara moja moja, nikaweka 0.6. Nikaishia kama kilowati 12.1, ukigawa kwa pawa fakta ya 0.9 unapata kVA 13.5.

Sasa hizo 13.5 ukizichukua kwa njia moja ya 230 ni ampia 59. Ukizichukua kwa njia tatu ya 400 ukizigawa vizuri ni kama ampia 20 tu kila fezi. Mzigo ni ule ule. Na juu yake acha nafasi ya robo hivi, kwa sababu kabini ya saba huwa inakuja, amini usiamini.

Msimamizi wa saiti

Mkuu naweka kambi hapa. Ila swali, mbona 16mm ni kebo nene tu, mafundi wengi wanasema inabeba hata ampia 70 na zaidi, sasa kwanini volti zilishuka?

Mleta mada

Swali zuri. Kubeba bila kuungua na kufikisha volti ni vitu viwili tofauti. Kebo yako inaweza isipate hata joto na bado huku mwisho mtu anapata 205.

Chukua kebo ya shaba ya 16mm yenye nyaya mbili, kila ampia moja kwa kila mita moja inapoteza kama milivolti 2.8. Zidisha kwa ampia 59 zidisha kwa mita 80, volti 13 zimeshakufa njiani kabla hujafika hata kabini ya kwanza. Hiyo ni karibu asilimia 6. Viwango vya kimataifa vya umeme, IEC, vinashauri usizidi asilimia 3 kwa taa na 5 kwa vitu vingine, na hapo ni mpaka kwenye kifaa chenyewe sio mpaka mlangoni. Kisha mnyororo wa kabini hadi kabini kwa waya wa 6mm ukanimalizia volti nyingine 7 au 8, na viungio vilivyolegea vikala zilizobaki.

Ungetaka kubaki njia moja ungeenda kwenye 35mm ndo upate kama asilimia 2.6. Ukienda njia tatu, 6mm inakupa asilimia hiyo hiyo 2.6 kwa umbali ule ule, na 10mm inakupa moja na nusu. Nikaishia kuweka 10mm ya njia tatu. Kebo nyembamba kuliko ya mwanzo na volti nyingi kuliko za mwanzo. Fundi wa kwanza angekaa na kalamu dakika kumi tusingefika huku.

Dada wa uhasibu

Kaka mimi nina kabini moja tu, mimi na mwenzangu, AC moja ndogo, birika, kompyuta mbili na printa. Na mimi nikaombe njia tatu? Umenitisha.

Mleta mada

Hapana dada, wewe usijisumbue. AC 1.2, birika 2.2, vingine nusu kilowati, unakaa kama 3.9, hiyo ni ampia 17. Njia moja na plagi ya buluu ya 32 inakutosha na chenji inabaki. Ya 16 ndo usikubali, itaishi vizuri mpaka siku birika na AC vikutane. Printa kama ni ya leza usiiweke ekstensheni moja na kompyuta, ikipasha taa zinapepesa.

Mchangiaji mpya

Mnatisha watu bure. Mimi nina kabini mbili nimevuta ekstensheni ile ya kuzungusha kwenye gurudumu kutoka ndani ya jengo, mwaka wa tatu huu hakuna kilichoungua. Ufundi mwingi wa kwenye makaratasi.

Mleta mada

Mkuu sikupingi kwamba haijaungua. Ila nenda kaiangalie ile gurudumu ubavuni, nyingi zimeandikwa namba mbili, moja ikiwa imezungushwa na moja ikiwa imefunguliwa yote. Mara nyingi utakuta kama wati 1,000 ikiwa imezungushwa na 3,000 na kidogo ikiwa imefunguliwa. Kebo ikiwa imejikunja pale haipumui, joto la tabaka la chini halina pa kwenda. Weka kiganja ndani ya ule mzunguko saa tisa mchana alafu rudi hapa utuambie.

Mchangiaji mpya

Nimeenda. Ni ya moto. Sio moto wa kuunguza ila ni ya moto. Nimeifungua yote nimeilaza chini.

Fundi mstaafu

Sasa umeilaza chini watu wataikanyaga na toroli litaipita. Haya.

Mleta mada umeandika vizuri ila mbona hujagusa ethi, waya wa kwenda ardhini, mpaka sasa? Kontena ni BATI. Nyumba ya tofali waya ukichubuka unagusa tofali, kwenye kontena waya ukichubuka ofisi nzima inakuwa waya. Nimeitwa mara moja sehemu, asubuhi mvua imenyesha, katibu anafika anashika kitasa anarushwa. Mlinzi anacheka anasema huyo dada ana damu nyepesi. Nikaweka mita kati ya kitasa na ardhi nikapata volti 90. Skrubu ya mtu aliyening'iniza kalenda ilikuwa imepita kwenye ukuta imekwaruza waya wa moto. Kavu hausikii, viatu vya mpira, ardhi kavu, mbao kwenye ngazi. Mvua ikinyesha ndo unasikia. Na kontena lenyewe lilikuwa limekaa juu ya matofali na mbao, halijagusa ardhi popote, mtu wa kwanza kuliunganisha na ardhi ni huyo dada.

Mleta mada

Mzee shikamoo, nilikuwa naelekea huko. Basi nimalizie nilichofanya mimi. Kila kabini nikaichimbia rodi yake ya ethi, nikatoa waya nikafunga kwenye fremu, na DB ya kila kabini nikaweka RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Nadhani hapo niko sawa?

Fundi mstaafu

Marahaba. Nusu uko sawa.

RCD sawa. Miliampia 30 kwa soketi, na kule mwanzo kwenye bodi kuu weka nyingine ya 100 au 300 ile inayochelewa kidogo kukata, ili kosa la kabini ya tatu lizime kabini ya tatu tu sio ofisi nzima. Mkiweka 30 huku na 30 kule zitashindana kuruka na hamtajua kosa liko wapi. Na kile kitufe cha kupimia mkibonyeze mara kwa mara, kipo kwa kazi hiyo.

Ila rodi sita zisizojuana ni kosa. Kabini ya pili ikivujisha, rodi yake inapanda volti, ya tatu iko sifuri, mtu amesimama kwenye korido mkono huu kashika mlango huu mkono ule kashika mlango ule, yeye ndo daraja. Rodi ziwe hata kumi lakini zifungwe pamoja na waya mmoja, na fremu zote zifungwe humo humo, 10mm ya kijani na njano, kutoka fremu hadi fremu. Na ngazi za chuma, na kipaa cha bati kinachounganisha kabini mbili, na bomba la maji la chuma. Chochote ambacho mtu anaweza kushika akiwa ameshika kontena.

Na mnapofunga kwenye fremu MKWARUZE RANGI. Vijana wanakaza boliti juu ya rangi ya kontena, ile rangi imetengenezwa ivumilie chumvi ya baharini, haipitishi umeme hata kidogo. Kwaruza mpaka chuma ing'ae, weka washa ya meno, kaza, alafu ndo paka rangi juu yake isishike kutu.

Mleta mada

Nimekubali mzee. Nimerudi kuzifunga pamoja jumamosi. Na kweli boliti mbili kati ya sita zilikuwa juu ya rangi, mita haikulia kabisa. Mbili kati ya sita na nilikuwa nimesimama pale pale fundi akizikaza.

Msimamizi wa saiti

Hiyo rodi iwe na omu ngapi mzee? Kila fundi ana namba yake.

Fundi mstaafu

Kama shirika la umeme linakupa ethi yao kwenye mita, fuata wanavyosema. Kama hawakupi na unategemea rodi zako, hesabu ni rahisi, omu za rodi zidisha kwa ampia za RCD isizidi volti 50. Kwa RCD ya 300 unatakiwa uwe chini ya omu 166 hivi. Kwa ya 30 hata omu elfu moja na mia sita inakata kwa makaratasi. Lakini usijisifie na omu elfu, kiangazi ardhi ikikauka inapanda na hujui itaishia wapi. Mimi nikipita 100 naongeza rodi nyingine, na naziweka mbali, umbali wa urefu wa rodi au zaidi, sio mbili kwenye shimo moja.

Na jambo moja tena, nyutro na ethi zisikutane ndani ya kabini. Popote. Kuna kabini zinakuja na kiungio kile kwenye DB, kitoe. Kama zinakutana zinakutana sehemu moja tu mwanzo wa umeme. Mkiziunganisha kila kabini, nyutro itaanza kurudi kwa kupitia fremu za kontena na RCD zitaruka bila sababu mnayoiona, fundi wa bei rahisi atakuja atazitoa RCD, atasema zilikuwa mbovu.

Dada wa uhasibu

😂😂 hiyo ya kutoa RCD nimeiona kwa macho yangu ofisi niliyotoka. Tukaambiwa "sasa haitasumbua tena".

Mleta mada

Tuendelee na mpangilio. Mnyororo nimeuvunja. Sasa hivi kuna bodi kuu moja, imefungwa kwenye fremu yake nje katikati ya kabini, ina kifuniko cha kuzuia mvua, na kila kabini ina breka yake na kebo yake kutoka pale. Plagi za kabini zimebaki zile zile za buluu za 32, lakini sasa kila moja inabeba kabini yake tu na breka yake ni ya 32. Breka inalinda kitu dhaifu kuliko vyote kwenye njia hiyo, na kwenye kontena mara nyingi kitu hicho ni plagi.

Fezi nimezigawa hivi, kabini ya kwanza na ya nne fezi nyekundu, ya pili na ya tano njano, ya mikutano na ya chai nikazitenganisha zisikae fezi moja. Kabla ya kugawa usiangalie idadi ya vyumba, angalia AC na birika viko wapi. Tuliweka kwanza mbili mbili kwa mpangilio wa namba, fezi moja ikawa inabeba ampia 31 na nyingine 9. Na ukitumia njia tatu jua kwamba nyutro ya bodi kuu ikilegea, fezi zenye mzigo mdogo zinapanda volti, kompyuta zinaungua mchana kweupe na hakuna breka itakayoruka. Boliti ya nyutro ndo ya kwanza kukazwa na ya kwanza kukaguliwa.

Swichi kubwa ya kuzima yote iko nje, inafikika bila kupanda kitu, imeandikwa kwa herufi kubwa. Moto ukiwaka kwenye kontena huna muda wa kuingia ndani kutafuta DB nyuma ya kabati la mafaili.

Msimamizi wa saiti

Na nyaya za ndani ya kuta? Sisi tulitaka kuongeza soketi tukatoboa ile paneli ya bati mbili zenye povu katikati, fundi akapitisha waya katikati ya povu.

Fundi mstaafu

Paneli ya povu ndio nzuri kwa joto la nje na mbaya kwa joto la waya. Waya wa 2.5 ukiufunga juu ya ukuta unabeba kama ampia 27, ukiufukia kwenye povu pande zote zaidi ya nusu mita uhesabu nusu yake, kumi na tatu na kitu. Halafu mtu anaweka breka ya 20 juu yake.

Na kama povu ni ile nyeupe ya punje punje, zile zinazokuja na televisheni mpya, isigusane na waya wa PVC. Ile povu inanyonya ule ulaini wa ganda la waya. Baada ya miaka ukiukunja unapasuka kama kijiti kikavu, na povu nayo imeyeyuka imeshikana na waya kama gundi. Piga tranki ya plastiki (kile kimfereji chenye kifuniko) juu ya ukuta, pitisha humo. Sio urembo lakini unaona waya uko wapi, na mtu wa kalenda naye anaona.

Mleta mada

Hapo kwa mtu wa kalenda umenigusa, nimepiga marufuku skrubu kwenye kuta, tumeweka mbao moja ndefu kila ofisi, ning'iniza hapo.

Kebo za nje nimezifukia zaidi ya nusu mita, kwenye bomba, na utepe wa onyo juu yake, na pale magari yanapopita nimeshuka zaidi. Zinapopanda kuingia kabini nimeacha kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate kebo mpaka ndani. Na nimeacha urefu wa ziada, kontena linakaa, ardhi inatitia, sentimeta mbili tatu tu zinatosha kung'oa waya kwenye kiungio.

Mchangiaji mpya

Na jenereta? Sisi umeme unakatika sana, nataka kununua ya kVA 10 kwa kabini zangu mbili.

Mleta mada

Kwa mbili 10 inaweza kutosha ila usipige hesabu kwa mzigo wa kutembea, piga kwa wa kuamka. AC ndogo isiyo ya inveta inayotembea kwa ampia 5 inaweza kuamka kwa ampia 25 mpaka 30 kwa nukta chache. Umeme ukirudi zote zinaamka pamoja. Ukiweza weka AC za inveta, zinaamka polepole. Mimi mzigo wangu ni 13.5 nimeweka ya 20 na AC mbili zimefungwa taima zisubiri dakika chache.

Lakini kikubwa kwenye jenereta ni nyutro yake. Nyingi ndogo zinatoka kiwandani nyutro haijafungwa na ethi, inaelea. Ukiichomeka hivyo kwenye kabini, RCD zako zote zinakuwa mapambo, kosa likitokea umeme hauna njia ya kurudi kwahiyo RCD haioni kitu. Bonyeza kitufe itaruka vizuri tu, kitufe hakiangalii hilo. Mwite fundi afunge nyutro na ethi PALE KWENYE JENERETA, na swichi ya kubadilisha iwe ile inayokata na nyutro pia, njia tatu basi iwe inayokata nyaya nne, fezi tatu na nyutro. Vinginevyo utakuwa na nyutro mbili zimeungana na tunarudi kwa RCD zinazoruka.

Na usitumie ile plagi yenye dume pande zote mbili. Sitaeleza kwanini, anayeijua anaijua.

Kijana wa saiti mpya

Wakuu samahani naingia katikati. Nimesoma pale mwanzo kuhusu kibati. Sisi kontena letu la ofisi ni la mtumba, liliingia jana, nimeenda kupiga picha kibati kimeandikwa 120/240V, nyaya 3, 60Hz. Umeme wetu ni 230 wa njia moja. Fundi anasema 240 na 230 ni majirani haina shida. Ameshafunga.

Fundi mstaafu

AMESHAFUNGA WAPI NA WAPI?

Mleta mada

Ndugu usiwashe chochote. Hiyo ni kabini ya mfumo wa Marekani. Ile 240 yao ni kati ya waya wa moto na waya wa moto mwingine, na nyutro iko katikati, kila moto na nyutro ni 120. Soketi zako na taa zako humo ndani ni za 120. Fundi akifunga moto wenu kwenye waya mmoja wa moto na nyutro yenu kwenye nyutro, soketi zote za upande huo zinapata 230. Akifunga moto wenu upande mmoja na nyutro yenu upande wa pili akaacha nyutro ya kabini hewani, volti zitagawana kulingana na mzigo, taa moja ikizimwa nyingine inapasuka. Hakuna namna ya kufunga moja kwa moja ikawa salama. Ni ama transfoma yenye kutoa 120 pande mbili na nyutro katikati, ama kung'oa soketi, breka na taa kufunga upya kwa mfumo wenu, na ukifunga upya ujue na unene wa nyaya unaangaliwa, na rangi za nyaya zao ni tofauti, nyeusi kwao ni moto, nyeupe nyutro.

Na ile AC ya dirishani ya hezi 60, kwenye 50 mota inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na inapata moto zaidi. Hata transfoma haibadilishi hezi. Weka AC nyingine.

Kijana wa saiti mpya

Amefunga waya wetu wa moto kwenye nyeusi na nyekundu zote mbili pamoja, nyutro kwenye nyeupe.

Fundi mstaafu

Basi kila soketi humo ndani ina 230 na AC ina sifuri. Kuna kitu kimechomekwa?

Kijana wa saiti mpya

Ruta na printa ya kontena, zilikuja nalo. Breka kubwa iko juu ila taa hatujawasha.

Fundi mstaafu

Zima breka kubwa. Chomoa vyote viwili. Alafu ndo uandike.

Kijana wa saiti mpya

Nimezima. Printa haijafa nadhani, ubavuni imeandikwa 100 mpaka 240. Ruta ina harufu.